Barua ya Nane

Jumanne, 8 Januari 1974

Daftari hili nimepewa na Mwalimu Tuntufye. Kila aliyejiandikisha kwa mashindano ya michezo mitatu ataandika kila siku mambo matatu: umbali, muda na maumivu. "Msiniandikie insha," alisema, akanitazama mimi. Darasa zima likacheka.

Mashindano yatakuwa Jumamosi, tarehe 6 Aprili. Kuogelea bwawa la ng'ombe kwenda na kurudi, kisha baiskeli maili kumi na mbili, kisha kukimbia maili nne hadi uwanja wa mjini. Mwalimu ameyabuni mwenyewe. Sijui kwa nini niliinua mkono. Huwa siinui mkono hata nikiwa na jibu.

Umbali: maili mbili kwa miguu. Muda: sina saa. Maumivu: fimbo nne, kwa kuchelewa paredi kwa sababu nilikuwa nakimbia. Alinichapa Mwalimu Tuntufye mwenyewe, halafu akanisifu kwa kukimbia.

Alhamisi, 10 Januari

Mvua. Sikufanya kitu.

Jumamosi, 12 Januari

Sisi wa huku juu Ufipa maji tunayajua yakiwa mtungini. Saad peke yake ndiye anayejua kuogelea, kwa sababu utoto wake aliukulia Wampembe kwa watu wa mama yake, ziwani. Hapa mjini baba yake ana duka na karakana ya baiskeli.

Alinisukuma bwawani bila kunionya. "Piga maji, wee Zenon! Yapige kama yamekutukana!" Nilikunywa maji yenye mkojo wa ng'ombe mpaka nikaona giza. Alinivuta kwa nywele, akanilaza kifudifudi, akanipiga mgongoni mpaka yote yakatoka. "Unaogelea kama jembe," alisema.

Umbali: hatua sita, zote kwenda chini. Maumivu: kifua, na aibu.

Jumatano, 16 Januari

Nimepata baiskeli! Ni ya ofisi ya Mjomba Eustaki. Mjomba ni Katibu Kata, na ninakaa kwake hapa Kizwite tangu nilipofaulu kuingia sekondari. Kabla ya hapo nililelewa na mama yake, Bibi Cornelia, kule Kaswepe, kwa kuwa mama yangu alifariki nikiwa mdogo.

"Serikali ina baiskeli, haina miguu," Mjomba alisema. "Wewe una miguu, huna baiskeli. Kila Jumamosi utapeleka barua moja kwa balozi wa nyumba kumi nitakayekutajia. Ukichelewa nitakuchapa. Ukifungua barua ya serikali nitakuvunja vidole."

Alisema hivyo akitabasamu, lakini Mjomba hutabasamu hata anapochapa.

Jumamosi, 19 Januari

Barua ya kwanza. Maili kumi na nne, kwenda na kurudi. Balozi alinipa togwa, akaniita "kijana wa serikali". Sijawahi kuitwa kitu kizuri na mtu nisiyemjua.

Jumamosi, 26 Januari

Barua ya pili. Matope hadi kwenye mnyororo. Nilianguka mara tatu. Nimelichubua goti hadi nyama nyeupe.

Jumamosi, 2 Februari

Nikipeleka barua ya tatu nimepita kwenye kile kitongoji cha barua ya kwanza. Hakipo. Kuta zimesimama bila paa, nyeusi, na mvua imefanya majivu yawe uji. Wenyewe walikuwa wamekaa kando ya barabara wakisubiri lori la kuwapeleka kijiji kipya cha ujamaa. Walikuwa na vitu vyao vyote: magunia ya ulezi, vitanda, kuku kwenye matenga. Hata milango ya nyumba walikuwa wameing'oa na kuilaza kwenye nyasi.

Nilipiga kengele ili wanipishe. Mwanamke mmoja akaokota jiwe, akanipiga nalo sikioni. "Kengele ya shetani! Imekuja kuita nani tena?"

Damu ilichuruzika hadi kwenye shati. Jioni nilimwuliza Mjomba nani alichoma.

"Wameambiwa wahamie pamoja wapate shule na maji ya bomba," alisema. "Wengine wanakaidi."

"Lakini nani alichoma?"

"Kula ugali wako, Zenon."

Jumatano, 6 Februari

Nimevuka bwawa! Kwenda tu. Kurudi nilitembea.

Jumamosi, 9 Februari

Barua ya nne ilikuwa ya kitongoji jirani na Kaswepe, kwa hiyo nilipita kwa Bibi. Nilimkuta shambani ana jembe, ameinama, anatengeneza intumba, yale matuta ya duara.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda! Huko mjini wanakulisha vitabu?"

Nilishika jembe nikamsaidia. Unakata nyasi pamoja na udongo wake, unazigeuza kichwa chini, unafunika, zinaozea ndani. Juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unatawanya lile tuta, unamwaga ulezi. Bibi alichota udongo mweusi wa tuta la mwaka jana, akaninusisha. "Udongo huu nimeupika. Watu wa kilimo wanataka mistari iliyonyooka. Mstari unaoza?"

Kwenye nyumba ya pili alikuwepo kaka yake, Babu Adolfu, ambaye ndiye balozi wa Kaswepe. Miguu yake imekufa na macho yake yanaona mwanga tu. Aliuliza kama nimemletea barua. Nikasema hapana. "Wenzangu wote wanapata," alisema kwa wivu. "Ikija, wewe ndiye utanisomea."

Jumamosi, 16 Februari

Leo ninaandika nikiwa nimelala ubavu.

Walikuwa wameegesha gogo lenye miiba kwenye mteremko. Gurudumu liligonga, nikaruka juu ya usukani. Watu watatu walitoka kwenye mahindi wakiwa na mipini ya majembe. Hawakusema kitu. Walinipiga kama watu wanaopura ulezi, kwa zamu, huyu akishusha yule anainua. Nilijikunja juu ya mfuko wa barua. Mmoja aliposikia nalia akasema kwa Kifipa, "Ni mtoto huyu," na wakaondoka.

Barua ya tano niliifikisha ikiwa na damu kwenye kona. Balozi aliishika kwa ncha ya vidole.

Nilipofika nyumbani Mjomba alinitazama mgongo. Hakutabasamu. Akatoka, akarudi jua likiwa bado halijazama pamoja na Theodory, kamanda wa mgambo, na vijana wake, wamemburuta mtu mmoja kwa kamba. Walimpiga uani petu kwa marungu, kwenye nyayo, kwenye viwiko, mpaka akajisaidia kwenye suruali yake. Theodory alimwinua uso kwa kumshika masikio.

"Huyu ndiye?"

Nyuso za wale watu watatu sikuziona. Nilikuwa nimezika kichwa matopeni. Lakini watu wote walikuwa wananitazama mimi, wakisubiri, na ninapotazamwa na watu wengi kichwa changu huwa kinafanya chochote ili watazame kwingine.

Nilitikisa kichwa kukubali.

Wakaendelea.

Jumatatu, 18 Februari

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniita mbwa wa mgambo, mbele ya wote, wakati wa uji. Nilimpiga kwa bakuli la bati. Nilimpiga tena kwa ngumi alipokuwa chini. Jino lake lilibaki limekwama kwenye kidole changu. Mwalimu Tuntufye alinichapa fimbo sita, kisha akaniambia pembeni, "Sasa ninaona mwanamichezo."

Nilifurahi. Ninaandika hapa kwa sababu ni kweli: nilifurahi.

Jumamosi, 23 Februari

Barua ya sita. Ninamaliza safari kwa nusu ya muda wa Januari. Watoto wanaposikia kengele wanakimbia kuingia ndani. Nimeifunga kengele kwa kitambaa.

Jumamosi, 2 Machi

Barua ya saba. Nimevuka bwawa kwenda na kurudi. Saad amesema sasa ninaogelea kama jembe lenye mpini.

Jumapili, 3 Machi

Nimekaa na daftari hili, nimekumbuka habari za moto zinazoletwa shuleni, na kuhesabu. Kila barua huenda Jumamosi. Kila kitongoji huchomwa Jumanne inayofuata. Barua saba; vitongoji sita vimekwisha, cha saba ni keshokutwa. Nilidhani ninafanya mazoezi. Mimi ndiye ninayewapelekea moto.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi Mjomba alichelewa kutoka chumbani. Alikuwa ameandika barua, akaichana, akaandika nyingine. Aliifunga kwa gundi, akagonga mhuri juu ya mkunjo, akanipa bila kunitazama.

"Kaswepe," alisema.

Nilipanda baiskeli. Nilipofika njia panda sikukata kwenda Kaswepe, nilikata kwenda bwawani. Nilikaa kwenye ukingo na barua mapajani mpaka jua likapinda. Sikuifungua. Barua ya serikali haifunguliwi, na ya ndani niliyajua. Barua ndiyo inayoita moto, na barua isiyofika haiwezi kuita kitu. Niliirudisha nyumbani, nikaiweka ndani ya atlasi yangu, kwenye ramani ya Aktiki, mahali ambapo hakuna mtu.

Kwa mara ya kwanza mwaka huu nimelala bila maumivu.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Mjomba ameniuliza, "Bibi yako alisema nini?" Nikasema, "Hakusema kitu." Akashusha pumzi. "Ndivyo alivyo."

Jumatano, 13 Machi

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo lazima.

Jana alfajiri Theodory alikuja na lori, mgambo kumi na wawili nyuma. Mimi nilikuwa mezani na kikombe cha chai. Mjomba alisimama mlangoni, akamwambia, "Nyumba ya mama yangu iwe ya mwisho."

"Ndugu Katibu, usiwe na wasiwasi," Theodory alisema. "Siku tatu za barua zimekwisha. Watakuwa wameshatoa vitu vyote, kama kule kwingine. Sisi tunachoma nyasi tu."

Siku tatu za barua.

Ndipo nikaiona tena ile milango imelala kwenye nyasi. Magunia. Vitanda. Kuku kwenye matenga. Wale wa kwanza walikuwa na kila kitu kwa sababu niliwapelekea barua. Barua haikuwa moto. Barua ilikuwa siku tatu.

Mjomba alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Injini ya lori ilikuwa bado haijawashwa. Neno moja tu lingetosha. Kinywa changu kilifunguka, kikabaki wazi, na nikafikiri juu ya vidole vyangu. Nilifikiri juu ya vidole vyangu! Lori likaondoka.

Lori lazima lizunguke hadi kwenye daraja la mawe. Njia ya mkato ni maili kumi na mbili na inapita mtoni. Nilichukua baiskeli. Sikumbuki maili za kwanza. Kwenye maili ya nane gurudumu la mbele lilikunjika kwenye mtaro, nikaiacha hapo hapo ikizunguka. Mto ulikuwa umefurika, magogo ya kuvukia yamechukuliwa. Nikaingia. Niliyapiga maji kama yamenitukana. Gogo lilinipiga mbavuni, nikasikia kitu kikilia ndani kama ukuni, nikaendelea na mkono mmoja. Halafu maili nne za kukimbia, kupanda.

Nilipofika kilele moshi ulikuwa tayari unasimama juu ya Kaswepe.

Watu walikuwa bado na nguo za kulalia. Walikuwa wanatoka na kuingia, kila mtu na kitu kisicho na maana mkononi: kipande cha kioo, kiatu kimoja. Magunia ya ulezi yalikuwa yanaungua ndani, yananukia kama mtu anapika. Mama mmoja alimng'ata mgambo mkono, mgambo akampiga rungu la utosi. Bibi alikuwa ameshikilia gunia la mbegu mlangoni kwake, na kijana wa mgambo analivuta upande wa pili, anampiga teke la paja kila anapovuta.

Nyumba ya Babu Adolfu ilikuwa inawaka paa.

"Babu yumo ndani!" nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele maishani. "Babu Adolfu yumo ndani, hawezi kutembea!"

Theodory aligeuka. "Hakuna mtu ndani. Walipewa barua."

"Yumo!"

"Barua ilikuja, kijana. Wewe mwenyewe ndiye uliyeileta."

Nilimrukia. Rungu lilinipata mdomoni, nikatema meno mawili. Nilipoinuka Bibi alikuwa ameliacha gunia na ameingia. Alitoka kinyumenyume, mikono yake inafuka moshi, ameshika blanketi tupu. Paa likashuka. Ndani, sauti iliita jina la Bibi kwa Kifipa, bila haraka, kama mtu anayeomba maji. Halafu haikuita.

Theodory alivua kofia yake. "Ilisemwa wote watoke," alirudia. "Siku tatu." Alirudia mpaka hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Maumivu: sijui niandike ya nani.

Alhamisi, 14 Machi

Tumezika. Mjomba alikuja na viatu vya ofisini. Watu wa Kaswepe hawakumpa nafasi, akasimama upande wa udongo uliochimbwa.

"Mnaniita muuaji," alisema. "Niliandika barua kwa mkono wangu. Iliondoka nyumbani kwangu Jumamosi. Zenon, sema mbele ya watu. Barua ilifika, haikufika?"

Wote waligeuka. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Ilifika kwa nani?"

"Kwa balozi," nikasema.

Na balozi alikuwa shimoni.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee ameikalia. Alikuwa haoni, akaikalia, akatuunguza." Mwanamume aliyekuwa na sepetu aliitupa chini akaondoka. Kaburi tulilifukia watu wanne: Mjomba, mimi, Theodory, na Bibi aliyekuwa anasukuma udongo kwa miguu.

Jumamosi, 16 Machi

Hakuna barua leo.

Jumamosi, 23 Machi

Saad alipanda lori la baba yake kupeleka chumvi kijiji kipya, ambako watu wa Kaswepe wamehamishiwa. Alirudi jioni akanitafuta.

"Bibi yako alikuwa ameanza kutengeneza matuta nyuma ya kiwanja alichopewa," alisema. "Kwa ile mikono, Zenon. Anakata udongo kwa kushika jembe kwa viwiko. Wanawake wakaja, wakayapiga mateke yote yakawa tambarare. Wanasema kaka yake aliwaficha barua. Wakamburuta. Mmoja alimkanyaga shingo."

"Alisema nini?"

"Bibi? Alisema Adolfu hakuwahi kumficha kitu. Ndiyo wakazidi kumpiga."

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu Tuntufye alipima muda kwa saa yake. Nimewashinda wote bwawani, na ubavu umefungwa kwa kitambaa. "Ni wako huu ushindi," alisema, akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa baridi. Mjomba ndiye atakayetoa zawadi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwonyesha Saad barua ndani ya atlasi. Alikaa chini.

"Choma," alisema. "Mzee hatafufuka."

"Bibi yu hai."

"Watakuua, bwana."

Niliirudisha barua ndani ya atlasi. Saad akainuka, akasema, "Baiskeli yangu ina tairi mpya. Chukua. Mimi nitamwambia Mwalimu unaharisha."

Jumamosi, 6 Aprili

Ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Nilifika kijiji kipya saa nne. Viwanja vimepimwa kwa kamba, vimepewa namba, nyumba zote zinatazama upande mmoja. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye ghala wakigawiwa mahindi. Niliegesha baiskeli ya Saad. Nilisimama mbele yao. Walinitazama, wote, na kichwa changu kikaanza kutafuta njia ya kuwafanya watazame kwingine. Sikukipa nafasi.

"Barua haikufika," nilisema. "Babu Adolfu hakuiona. Bibi hakuiona. Niliificha mimi. Nilidhani nisipoileta hamtachomwa. Hii hapa."

Nilidhani wataniuliza maswali. Mama yule aliyepigwa rungu la utosi ndiye aliyekuja kwanza, na kopo la kupimia mahindi, akanipiga nalo usoni. Kisha wengine. Safari hii hapakuwa na zamu. Sikujikunja. Niliinua mkono juu ili barua isichanike, na mtu akaupiga mkono ule kwa mpini, mara mbili, nikasikia vidole vikivunjika, nikaihamisha barua mkono wa pili.

Halafu uzito ulinishukia, mwepesi, wenye harufu ya moshi. Bibi alikuwa amelala juu yangu.

"Basi!" alisema. "Huyu ni wa kwangu. Nitamuua mwenyewe."

Wakarudi nyuma. Sijui kama waliamini.

Ndani ya nyumba yake namba arobaini na moja aliketi juu ya gunia tupu. Mikono yake imefungwa vitambaa, mikubwa kama ya mtu mwingine. Hakunipiga. Hakuniita mume wangu.

"Soma," alisema.

Nilipasua mhuri kwa meno yaliyobaki. Sehemu ya juu ilikuwa imepigwa chapa, kama barua zote nadhani. Wakazi wa Kaswepe mnapewa siku tatu. Toeni vyakula, vyombo, milango na madirisha. Wazee na wagonjwa watolewe kwanza. Bibi alisikiliza macho yakiwa kwenye vitambaa vyake.

"Siku ya kwanza ningetoa ulezi," alisema. "Siku ya pili mlango na kitanda. Kuna nini tena hapo?"

Chini kulikuwa na mwandiko wa Mjomba, kwa wino, umebanwa pembeni. Nikausoma:

"Mama, nisamehe. Mjomba Adolfu abebwe mapema, asingoje lori. Nimemtuma Zenon kwa sababu hiyo. Akusaidie kumbeba. Siku hizi ana nguvu."

Nje walikuwa wameanza tena kugawa mahindi.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Nikarudia.

"Tena."

Umbali wa barua ya nane: maili kumi na mbili. Muda: siku ishirini na nane.